Dalali wa Kadi za Matibabu

Simu ya kazi nimekwisha kuikabidhi. Fulana bado ninayo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuidai, na asubuhi za kipupwe hapa Sumbawanga naivaa ndani ya sweta mbili nikienda kufungulia kuku. Magoti ndiyo yaliyostaafu kwanza. Mimi nikayafuata.

Siku mliyoniaga pale ofisi ya kata, ninyi waandikishaji wenzangu wa bima ya afya, mmoja wenu aliniuliza, soda mkononi, "Bibi, hivi asilimia yetu inatoka wapi hasa?" Wote mkacheka, mkadhani ni utani. Mimi sikucheka. Swali hilo nimezunguka nalo tangu siku ya kwanza, na majibu niliyopewa na wakubwa hayakuwahi kunishibisha. Basi nimeona niandike ninachokijua. Shule niliiacha darasa la nne, nikaimalizia ukubwani kwenye masomo ya jioni, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe, mna nguvu.

Kabla ya bima nilikuwa muuzaji dukani mjini, kwa Bi Zuwena, mwenye vitenge na mashuka. Wanawe walikuwa na malori, yeye mwenyewe hakutoka nyuma ya kaunta. Ndiye mwalimu wangu, ingawa hakujua kama ananifundisha. Mteja akisema, "Mama, hapa unapata faida kubwa mno," wauzaji wengine wanaapa kwa Mungu kwamba wanauza kwa hasara. Bi Zuwena hakuapa. Alisema, "Napata kiasi hiki, dada yangu. Ukiona kingi, duka la jirani lile pale." Nikamuuliza siku moja haogopi? Akanitazama kama nimeuliza kama maji yanalowesha. "Faida haifichwi, mwanangu. Kinachofichwa ni wizi. Ukificha faida, mteja ataiweka kwenye fungu gani?"

Nilimaliza pale mwenyewe alipougua na wanawe wakageuza duka kuwa la vipuri vya pikipiki. Vipuri sivijui. Ndipo nikasikia kijiji kinatafuta waandikishaji wa bima ya afya, mtu anayejulikana, anayesoma na kuandika, asiyeogopa kutembea. Kutembea nilikuwa naweza.

Mafunzo yalifanyika ukumbini, siku chache. Mkufunzi alikuwa na maneno mengi ukutani, yanayong'aa, na mimi nilikuwa nyuma naandika yale matatu niliyoyaelewa. La kwanza: kadi moja ni ya kaya moja, watu wasiozidi sita, yaani mkuu wa kaya, mwenza wake mmoja na watoto. La pili: kadi haianzi kufanya kazi siku ile ile, inasubiri kwanza, ili watu wasingoje kuugua ndipo waje mbio. La tatu: sisi hatuna mshahara, tuna fungu kwa kila kaya. Hilo la tatu hakuna aliyesinzia.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo wengi mnapochanganya. Ada ya mwanachama haipiti mkononi kwangu, inalipwa kwa simu na kwenda moja kwa moja kwenye mfuko. Baadaye, wakati wanaoujua wao, wanaangalia kaya nilizoandikisha ambazo picha zimepanda kwenye mtandao na ada imeonekana, wananipa changu. Kwa kaya, si kwa kichwa. Mjane anayeishi peke yake na nyumba ya watu sita wenye kelele vinanipa sawasawa. Kaya mpya ina fungu nono kidogo, kaya inayolipia tena ina fungu jembamba. Kwa nini? Nilimuuliza mhasibu. Akasema, "Mama, mpya ndiyo kazi ngumu." Huyo hajawahi kukaa na mzee wa kijiji cha Pito aliyemaliza mwaka mzima bila kuugua.

Nilikaa naye mimi. Ni katika wale wa kwanza kabisa niliowaandikisha, pale Pito, na mwaka ulipoisha nikarudi ili alipie tena. Nilimkuta shambani, anageuza matuta.

"Shikamoo baba. Kadi inakwisha mwezi ujao."

"Marahaba. Sikuitumia."

"Mungu mkubwa."

"Mungu mkubwa, lakini nyinyi mmenipunja. Mwaka mzima hata mafua! Nirudishieni basi nusu."

Nikamwambia ni kama ukuta wa shamba, nguruwe pori asipokuja humdai fundi. Akaegemea jembe, akafikiri. "Mwanangu, mimi ukuta sijawahi kujenga. Nguruwe akija nampigia debe mpaka akimbie." Tulikaa pale mpaka jua likapinda. Alilipia. Fungu jembamba. Nenda kamwambie mhasibu ipi ngumu.

Na fungu hilo linafuga tabia, nalisema ili mlijue. Palikuwa na mwenzetu mmoja, jina namwachia mwenyewe, ambaye hakuwakumbusha watu wake kulipia. Aliacha kadi zife, kisha anakwenda kuwaandika upya, fungu nono. Kumbe kadi ikifa, ile subira inaanza tena tangu mwanzo, na katika subira hiyo mtoto anaweza kupata homa. Sikumchukia. Nilikuwa najiuliza tu: kama wangemlipa zaidi kwa anayebaki kuliko anayeingia, huyu huyu si angekuwa mkumbushaji bora mkoa mzima? Mtu anafuata malipo kama ng'ombe anavyofuata chumvi.

Ng'ombe wametufikisha nilipotaka.

Nilipoongezewa vijiji vya upande wa Namanyere, nilianza kukutana na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, Wasukuma. Boma la kwanza nililoingia lilikuwa la Mzee Luhende. Mtu mrefu, mpole, kofia ya pama haivuliwi hata akila. Ana wake watatu na kila mmoja ana nyumba yake ndani ya boma lile lile, na watoto sikuwahesabu kwa sababu hawakutulia.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. Mayu kwao ni mama. Nikapewa kigoda, nikapewa maziwa, nikaeleza habari ya kadi. Alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote. Akauliza maswali ya mtu mwenye mali: ikipotea? ikilowa? nikihama? Kisha akasema nimepata mteja, akaita boma zima.

"Umesema watu sita," akasema. "Nyumba zangu ni tatu. Kila nyumba wawili." Akaanza kupanga watu mbele ya simu yangu: mke mkubwa na kitindamimba wake, mke wa kati na pacha mmoja, mke mdogo na mtoto wake mchanga. "Tayari. Piga."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi siumwi."

Aligawa kadi kama anavyogawa nyama, kila mlango upate. Katika miaka yangu yote sijaona mtu aliyekosea kwa haki namna ile. Wafipa wangu wa mke mmoja wasingeweza kukosea hivyo hata wakijaribu. Ikabidi nimweleze kwamba simu haikubali wenza wawili kwenye kadi moja. Boma lake mbele ya bima si kaya moja, ni kaya tatu, kadi tatu.

Pale pale uso ukafunga. Akaegemea nyuma. "Kadi tatu. Na wewe unakula mara ngapi?"

Kabla sijajibu, akageuka kwa mke wake mkubwa akacheka kidogo. "Nilijua. Dalali akianza kugawa kundi lako mafungu, ujue anatafuta lake." Basi akalipia moja tu, ya nyumba ya mke mkubwa, yeye mwenyewe akiwa mkuu wa kaya. Nyumba mbili nyingine akasema zitaona mbele. Niliondoka na fungu moja na maziwa tumboni, na neno lake likawa linanizunguka njia nzima. Kwa sababu, tuseme kweli, nilichomwambia kilikuwa sahihi, na kilikuwa na faida kwangu. Vyote viwili. Mtu aliye upande ule wa kigoda atajuaje nimesema kwa ajili ya kipi?

Ilipita miezi. Siku ya mnada nilikuwa Namanyere, nimekaa karibu na wauza dagaa, ndipo akanijia mwanamke amejifunga khanga mbili, anatembea kwa kujizuia kama aliyebeba mtungi uliojaa. Alikuwa mke wa kati wa Mzee Luhende, Mama Kulwa, mama wa wale pacha. Alikuwa amechujuka, midomo myeupe.

"Mayu, niandike mimi," akasema, hata salamu hakumaliza.

Nikamkalisha. Akanieleza pole pole, akitazama dagaa na si mimi. Damu zilikuwa zinamtoka bila mpangilio tangu mavuno. Walikwenda zahanati na kadi ya boma, ndivyo walivyoiita, maana kwao kadi ilikuwa kama kinu, kikiwa kwa mke mkubwa hata mke mdogo atatwangia. Nesi akafungua picha, akamtazama, akawarudisha. Picha haikuwa yake. Walilipa fedha taslimu, daktari akasema ni uvimbe kwenye kizazi, aende hospitali kubwa Sumbawanga akafanyiwe upasuaji. Gharama iliyotajwa, Mzee Luhende alisema ataiangalia bei ya ng'ombe ikipanda.

"Bei ikipanda," akasema Mama Kulwa. "Mimi nashuka, bei ipande."

Hela ya kadi alikuwa nayo, ya karanga zake mwenyewe, ameifunga kwenye pindo la khanga. Kwa kanuni ningeweza kumwandika pale pale. Mtu mzima yeyote anaweza kuwa mkuu wa kaya yake. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

"Akiijua kwa watu, ataichoma. Aijue kwanza kwako. Njoo bomani."

Ninyi mnaofanya kazi kwa haraka mtasema ningemaliza pale. Lakini kadi iliyochomwa haitibu mtu. Na subira ya kadi ilikuwa mbele yetu bado. Kila siku tuliyoipoteza ilikuwa inatoka katika damu yake. Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki hadi bomani.

Mzee Luhende alikuwa anakagua jino la fahali. Alinikaribisha kama siku ile, maziwa tena. Mama Kulwa akaketi chini mlangoni kwake, pacha mmoja kila upande. Nikasema nilichojia, bila kuzunguka. Akasikiliza. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Mayu, mnadani dalali nikimwuliza analipwa na nani, ananiambia. Wengine muuzaji, wengine mnunuzi, wezi hulipwa na wote wawili. Wewe unalipwa na nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia unaolipa ni mfuko, na mfuko umejazwa na ada za watu kama yeye, kwa hiyo ukitafuta sana, ni nyinyi. Nikamtajia kiasi cha kaya mpya, na kiasi cha kaya inayorudi, na kwamba nalipwa kwa kuchelewa mpaka nasahau. Nikamwambia kadi ya Mama Kulwa itanipa fungu nono, na kwamba ningependa kulipata. Bi Zuwena angekuwa hai angeniongezea doti ya kitenge.

Midomo ya mzee ikachezacheza. Nikajua anapiga hesabu. Kisha akaangua kicheko hadi kofia ikasogea.

"Hicho tu? Mayu, dalali wa mbuzi anakuzidi! Kwa hicho unapanda milima?"

"Napanda."

"Na mvua?"

"Na mvua."

"Basi wewe si mwizi," akasema akifuta macho. "Mwizi hawezi kuwa mjinga hivyo."

Nililipokea kama sifa, sikuwa na pengine pa kuliweka. Nikadhani tumemaliza. Nikawasha simu, nikaanza kujaza, na mzee akasogea kuangalia, maana alipenda sana kuangalia herufi zikitokea. Nikafika pale panapouliza mkuu wa kaya. Nikaandika jina la Mama Kulwa. Mzee hakujua kusoma, lakini jina la mkewe nilikuwa nalitamka ninapoandika, ndiyo tabia yangu.

"Hapo umeandika nini?"

"Mkuu wa kaya."

"Mkuu ni mimi."

"Wewe ni mkuu kule kwa mke mkubwa, mzee. Simu haikubali mtu mmoja mahali pawili."

"Simu ya nani hiyo, inayokuja kunipangia boma?"

Kicheko chote kilikuwa kimekwenda. Mke mkubwa akachungulia mlangoni kwake, akarudi ndani. Mzee akasema kwa sauti ya chini, na mimi nilimwelewa, "Boma moja, wakuu wawili. Kesho yule mdogo naye mkuu. Watoto watamsikiliza nani? Jirani akija kuuliza mwenyewe, atoke nani?" Fedha sasa angetoa, mnaona. Jina ndilo alilolizuia. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la asilimia usiku kucha, na kumbe shida ilikuwa kwenye kisanduku kidogo ambacho mkufunzi wetu hakukigusa hata kidogo.

Aliyejibu ni Mama Kulwa, pale chini, bila kuinua sauti.

"Baba Limi," akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, wa mke mkubwa, ndivyo wote walivyomwita. "Nikifa mimi, nyumba hii utakuwa mkuu wake wa nini? Wa paa?"

Mzee hakumtazama. Alichukua fimbo yake, akasimama. "Naenda kuangalia ndama," akasema, akatoka.

Nikabaki na simu mkononi, sijui nimefukuzwa au vipi. Nikamtazama Mama Kulwa. Alikuwa anamfunga pacha mmoja vishikizo vya shati, na anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Piga picha, mayu. Amekwenda kuangalia ndama."

"Ndama wana nini?"

"Hawana kitu. Mwanaume akikataa anabaki. Akienda kuangalia ndama, amekubali, ila hataki kuwepo."

Mke mkubwa akatoka na shuka jeupe, akalishika nyuma yao ili picha isichafuke. Hakuna aliyemwomba. Nikapiga. Pacha mmoja alifumba macho, nikarudia, akafumba mwingine. Mtandao haukuwepo, ikabidi nipande kichuguu kirefu nyuma ya zizi, nikainua simu juu kama anayeomba mvua, na upepo wetu wa Ufipa unanivuta gauni. Nilipoona imepanda, nikamwona mzee mbali kule, amesimama katikati ya ndama, ananitazama. Hakupunga mkono. Na mimi sikupunga.

Kisha ikaja ile subira. Ninyi mnaiandika kwa neno moja kwenye mafunzo. Kila siku ya mnada nilimtafuta Mama Kulwa kwa macho na nilikuwa naogopa nitakachokiona. Wiki moja hakuja. Nikaambiwa amelala, anapikiwa uji wa ulezi na mke mkubwa. Nilimpigia mganga wa zahanati kuuliza kama subira inaweza kufupishwa kwa mgonjwa wa namna hiyo. Akasema kanuni ni kanuni, lakini kesho yake alikwenda mwenyewe bomani na dawa za kuongeza damu. Mpaka leo sijui alizilipia nani, na nilipomuuliza alinijibu habari ya mvua.

Siku kadi ilipoamka, Mama Kulwa na watu wa bomani walipanda basi la kwanza kwenda Sumbawanga. Mimi niliwafuata siku ya tatu baada ya upasuaji, nikitokea nyumbani kwangu, na chupa ya supu. Nilimkuta Mama Kulwa ameketi kitandani, midomo ina rangi ya mtu. Uvimbe, alisema, daktari alimwonyesha, ulikuwa kama kiazi. Alitaka kujua viazi vya namna hiyo huwa vinaota kwa nini, na mimi nilitaka kujua pia, tukamsumbua daktari mpaka akakumbuka ana wagonjwa wengine.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwepo. Mzee Luhende alikuja na koti la suti juu ya shuka lake, kofia ile ile, amesimama karibu na dirisha la bima kama mtu aliyekuja kupokea ng'ombe wake. Dada wa dirishani, binti wa mjini, kucha ndefu, akaita bila kuinua kichwa:

"Mkuu wa kaya, sogea hapa!"

Mzee akapiga hatua. Halafu akasimama. Nyuma yake Mama Kulwa alikuwa anainuka kwenye benchi, furushi lake la nguo kando yake, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika ukuta, anakuja pole pole. Foleni nzima ikawa inatazama. Dada akainua kichwa, akamwona mzee yuko mbele.

"Baba, ni wewe?"

Mzee Luhende akavua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya siku ile, kilikuwa na upara mzuri unaong'aa. Akasogea pembeni, akamwachia mkewe dirisha.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Mimi hapa ni mume wake tu."

"Haya, mume," akasema dada, tayari anaandika, "beba huo mzigo basi, mgonjwa asiinue kitu."

Akabeba.